Meli Huzama, Mtu Hufa Maji: Namna ya Kutenganisha Maneno ya Kiingereza Yanayokaribiana

Mwaka wangu wa pili katika kazi ya ukarani hapa Kirumba, Mwanza, niliandika barua pepe kwa mnunuzi wa nje ili kumweleza kwa nini mzigo wake umechelewa. Usiku uliotangulia dhoruba ilikuwa imeipiga boti yetu. Watu watatu walizama, wakaokolewa na wavuvi wa boti nyingine, na kufikia asubuhi walikuwa nyumbani wanakunywa uji. Mimi nikaandika: “Three of our men drowned last night.” Saa moja baadaye likaja jibu la rambirambi, ndani yake swali kama familia za marehemu zimepata pesa za mazishi. Tajiri wangu alilisoma mara mbili, akanigeukia. “Mwanangu, nani amekufa?”

Kamusi haikuwa imenidanganya. Iliandika kwamba “drown” ni kuzama, na kweli ni kuzama. Ila kwa Mwingereza neno hilo lina kifo ndani yake. Ukisema “he drowned”, huyo mtu hayupo tena. Kiswahili kina maneno yake kamili kwa jambo hilo, nami sikuyakumbuka: kufa maji. Ningejifunza tangu mwanzo kwamba “drown” ni kufa maji, barua ile isingekwenda.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya maneno ya namna hii, yale ambayo kwetu ni neno moja na kwao ni matatu au manne. Nimeyafundisha kwa vijana wa mwaloni, pale boti zinapoteremsha samaki, makarani wenzangu na wanaotembeza wageni kisiwani Saanane. Wengi wao wamemaliza kidato cha nne na wanajua Kiingereza cha kutosha. Msamiati wanao. Kinachowakwamisha ni kwamba kila neno wamelijifunza kwa tafsiri moja tu. Njia ninayowapa ndiyo hii.

Kwanza: anza na neno lako la Kiswahili, uandike swali mbele yake

Tulivyozoea shuleni ni kuchukua neno la Kiingereza, kuandika maana yake, kuchora mstari, kisha kwenda neno la pili. Geuza utaratibu huo. Chukua neno la Kiswahili unalolitamka kila siku kazini, ulifuate kutwa nzima uone linafanya kazi ngapi.

Chukua kupima. Nenda soko la Mwaloni alfajiri. Kijana anapachika tenga la sato kwenye mizani: anapima. Afisa uvuvi analaza rula juu ya sangara aone kama anafika sentimeta 50, maana aliye chini ya hapo haruhusiwi kuvuliwa: naye anapima. Mama muuza uji ana homa, wenzake wanamwambia akapime malaria. Tajiri anataka kununua kiwanja Buswelu, na swali lake la kwanza ni kama kimepimwa. Vitendo vinne, neno moja, na hakuna Mswahili anayechanganyikiwa, kwa sababu tunaona kinachofanyika.

Kiingereza kimevitenganisha. Sasa usiandike “weigh” halafu mbele yake kupima, “measure” kupima, “test” kupima. Hapo hujatenganisha kitu. Mbele ya kila neno andika swali ambalo neno hilo linajibu:

“Weigh”: ni kilo ngapi?
“Measure”: ni urefu, upana au ujazo kiasi gani?
“Test”: kipo au hakipo? Kinafaa au hakifai?
“Survey”: mipaka inapita wapi?
“Examine”: kuna nini hapa? Hii ni ya daktari anayekugusa tumbo na kukuangalia macho kabla hajajua unaumwa nini.

Ukiwa na maswali haya huwezi tena kusema “I measured malaria”. Malaria haina urefu. Utasema “I was tested for malaria”, na hako ka-“for” kashike pamoja na neno lake, maana huwa vinakwenda pamoja. Samaki mmoja anaweza kupitia “weigh”, “measure” na “test” asubuhi moja: mizani ya mchuuzi, rula ya afisa, kisha maabara ya kiwanda. Karani anayejua maswali hajazi fomu vibaya.

Fanya hivyo hivyo na kuchoma. Wanaopika kwenye migahawa ya kando ya ziwa hunisikiliza kweli nikifika hapa. Samaki aliyewekwa juu ya makaa ni “grilled”. Nyama iliyoiva kwa joto la tanuri ni “roast”, na mahindi ya kuchoma pia huitwa hivyo. Nguo iliyounguzwa na pasi ni “burnt”. Daktari anayechoma sindano yeye ana “inject”. Swali la kutenganisha “burn” na wenzake ni hili: moto umeharibu, au umeivisha? Ukimwambia mgeni “your fish is burnt” umemwambia samaki wake ameungua, na ataomba umletee mwingine.

Dagaa nao wana maneno yao. Tukisema dagaa wakavu, watu huandika “dry fish”. “Dry” ni hali tu, kitu hakina maji, na chakula kikiitwa “dry” mara nyingi ni lawama: kimekauka mpaka hakimezeki. Kilichokaushwa kwa makusudi ni “dried”. Waliobanikwa kwa moshi ni “smoked”, na kayabo, yule sangara wa chumvi, ni “salted”. Herufi chache mwishoni mwa neno zinamwonyesha mnunuzi kwamba kuna mtu aliyeanika, akageuza, akaanua kabla ya mvua. Ni haki ya mwanikaji kuandikiwa “dried”.

Na jina la dagaa lenyewe ni bora liachwe lilivyo. Wengi huandika “sardine”. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni jamaa wa karibu wa “sardine” wa baharini. Wa kwetu hapa Victoria si wa ukoo huo. Ni wa ukoo mwingine kabisa, na wataalamu humwita “silver cyprinid”. Mnunuzi aliyeandikiwa “sardine” anaweza kufikiria samaki wa kopo. Andika “dagaa”, kisha mweleze kwa sentensi moja ni samaki gani.

Kusikia nitakupitisha haraka. Sisi tunasikia muziki, tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi. Kwao sauti tu ndiyo “hear”. Harufu ni “smell”. Njaa na baridi ni “feel”, na mara nyingi zaidi ni “I am hungry”, “I am cold” bila kitenzi cha kusikia. Ukitegesha sikio kwa kukusudia, hiyo ni “listen”. Mwenzake upande wa macho: kilichokupitia machoni ni “see”, ulichokielekezea macho ni “look at”, ulichokifuatilia kinavyokwenda, mpira au televisheni, ni “watch”.

Pili: tazama neno linatembea na nani

Maneno mengine hayatenganishwi kwa swali. Yanatenganishwa kwa kuangalia nani anatenda au kitu gani kinatendewa. Hapa narudi kwenye kuzama, maana ndilo neno la mji huu.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ikitokea Bukoba kuja Mwanza ilipinduka, ikazama karibu kabisa na kufika. Mamia ya watu walizama nayo. Makaburi ya Igoma yapo, na hapa mjini bado kuna nyumba ambazo mwezi Mei hauzungumzwi kama miezi mingine. Ukitaka kusimulia tukio hilo kwa Kiingereza unahitaji vitenzi vitatu, na kila kimoja kina mwenyewe. Meli ilipopinduka, “capsized”. Ilipokwenda chini, “sank”. Watu waliokufa maji, “drowned”. Meli haiwezi “drown” kwa sababu haipumui. Ng'ombe anaweza, mtoto anaweza, jiwe haliwezi. Mtu aliyezama kidogo akaibuka, “went under”. Mtu aliyeponea chupuchupu, “nearly drowned”.

Kuna kuzama kwingine. Jua likizama ni “set”. Anayezama kwa hiari yake kutafuta kitu chini ya maji ana “dive”, naye huitwa “diver”. Mzamiaji wetu wa pili, yule anayejificha melini asafiri bila tiketi, ni “stowaway”, na ukimwita “diver” hakuna atakayekuelewa. Neno letu moja limebeba jua, meli, maiti na msafiri wa kujificha. Hakuna kamusi ya mfukoni inayoweza kukupa hayo yote kwenye mstari mmoja.

Kuiba ni vivyo hivyo. Wizi wa nyavu na injini ziwani ni jambo linalotuumiza, na wanaokwenda kutoa maelezo kwa mtu asiyejua Kiswahili hukwama hapa. Kiswahili kinasema wameniibia. Mtu anatafsiri moja kwa moja: “They stole me.” Maana yake ni kwamba walimchukua yeye mwenyewe, wakaondoka naye. “Steal” hutembea na kitu kilichochukuliwa: “They stole my engine.” “Rob” hutembea na mtu au mahali palipoibiwa: “They robbed me”, “They robbed the shop.” Mtu aliyepoteza injini anayo machungu ya kutosha, asipoteze na maelezo yake.

Ukingo wa maji nao una majina mengi. Ziwa lina “shore”. Mto, kwa mfano Simiyu au Mara, una “bank”. Bahari ina “coast”, ndiyo maana Tanga iko kwenye “coast” na Mwanza kwa kawaida hatusemi hivyo. “Beach” ni pale penye mchanga, watu wanapoogelea na kukaa. Sasa mwalo uuite nini? Kwa mtu wa kawaida wa nje, mwalo ni “landing site”, mahali boti zinapoteremsha samaki. Lakini ukisoma nyaraka za uvuvi utakuta “Beach Management Unit”, zile BMU zetu za ulinzi wa rasilimali za ziwa, na humo “beach” ni mwalo wenyewe, hata ukiwa wa mawe matupu. Basi tumia “beach” ukiwa ndani ya lugha ya uvuvi, na “landing site” ukizungumza na mgeni, asije na taulo.

Vyombo vyenyewe: mtumbwi wa kuchonga au mdogo wa kasia ni “canoe”, wa mbao wenye injini ni “boat”, kikubwa cha kubeba mamia ya watu na shehena ni “ship”. “Ferry” hakiangalii ukubwa. Kinaangalia kazi, chombo kinachokwenda na kurudi njia ile ile kikivusha watu na magari. Ndiyo sababu magazeti ya nje huiita MV Bukoba “ferry” na sisi tunaiita meli. Wote wako sawa.

Hospitali, tafadhali, kuwa makini. Mkono kwetu unaanzia begani mpaka kwenye kucha. Kwao kuanzia begani hadi kwenye kifundo ni “arm”, na kiganja na vidole vyake ni “hand”. Mguu vivyo hivyo: “leg” juu, “foot” chini ya kifundo. Kidole cha mkono “finger”, cha mguu “toe”. Mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki kwenye unyayo akisema “my leg”, daktari mgeni ataanza kukagua goti.

Tatu: acha -sha ikusaidie

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapotupa nafasi ambayo hata Waingereza wengi hawana.

“Rise” na “raise” huwasumbua watu duniani kote. Vitabu hueleza kwa maneno marefu ya sarufi. Wewe unahitaji jozi moja tu: panda na pandisha. Bei imepanda: “The price has risen.” Wachuuzi wamepandisha bei: “The traders have raised the price.” Ukiweza kuweka -sha, -za au -isha kwenye Kiswahili, chukua neno la pili. Basi.

Kiingereza cha zamani kilikuwa na mtindo wa kugeuza kitenzi kwa kubadilisha irabu ya ndani, kama sisi tunavyoongeza silabi mwishoni. Mabaki yake ndiyo yanayotutesa. Lala ni “lie”, laza ni “lay”. Kaa ni “sit”, na aliyekalisha kitu mahali ame-“set”. Anguka ni “fall”, na kuangusha mti kwa shoka ni “fell”. Kunywa ni “drink”, na kunywesha ni “drench”. Hili la mwisho wafugaji wanalo nyumbani bila kujua: chupa nyingi za dawa ya minyoo ya ng'ombe na mbuzi huandikwa “oral drench”, yaani dawa ya kunywesha. Mtaani Uingereza neno hilo siku hizi ni kulowa chapachapa kwa mvua, lakini kwa daktari wa mifugo bado ni kunywesha.

Halafu kuna jozi ambazo kwao ni maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, na kwetu ni shina moja. Hapa -sha inafanya kazi vizuri zaidi:

Jifunza ni “learn”, funza au fundisha ni “teach”.
Kumbuka ni “remember”, kumbusha ni “remind”.
Vuka ni “cross”, vusha ni “ferry” ikitumika kama kitenzi.
Kopa ni “borrow”, kopesha ni “lend”.

Hiyo ya mwisho inahitaji uangalifu kwa sababu ya neno kuazima. Kopa na kopesha tunazitenganisha vizuri, hasa penye pesa. Lakini mtu akisema nimeazima ndoo, anaweza kuwa aliyechukua au aliyetoa, na niazime ndoo yako husikika kila siku mwaloni. Anayezoea hivyo huandika “borrow me your bucket”. Dawa ni kubadilisha azima kuwa kopa kichwani kabla hujafungua mdomo. Ndoo ukiikopa ni “borrow”, ukiikopesha ni “lend”. “Can I borrow your bucket?” “Can you lend me your bucket?” Zote mbili ni sahihi na zote zinaleta ndoo.

Mtego mmoja usikupite. “Lay” ni laza, lakini pia ni wakati uliopita wa “lie”: “Yesterday he lay in bed” maana yake alilala tu kitandani, hakulaza mtu. “Fell” nayo ni angusha mti, na pia ni alianguka. Ukikutana na neno hilo kwenye maandishi, tafuta kitu kilichotendewa. Kipo? Basi ni -sha. Hakipo? Ni wakati uliopita.

Kusema na kuambia ni msaada mwingine wa bure. Ambia haikubali kusimama bila mtu: aliniambia, alituambia. “Tell” vivyo hivyo: “He told me.” Sema inaweza kusimama peke yake, na “say” vivyo hivyo: “He said that the boat was late.” Anayeandika “he said me” amesahau kwamba hata kwa Kiswahili hatusemi alinisema tukimaanisha aliniambia. Alinisema ni kukusengenya, au kukukaripia.

Nne: yashuku maneno yenye sura ya nyumbani

Maneno tuliyokopa kutoka Kiingereza yalibadilika yakiwa kwetu. Hayana kosa. Ni Kiswahili sasa. Kosa ni kuyarudisha kwao tukidhani bado yanafahamika.

Hoteli kwetu ni hata banda la mama lishe lenye wali na maharage. “Hotel” ni lazima iwe na vyumba vya kulala. Pa kula tu ni “restaurant” au “café”. Mgeni aliyeelekezwa “hotel” pale Mwaloni atauliza chumba. Gesti ni nyumba ya kulala wageni, lakini “guest” ni mgeni mwenyewe, kwa hiyo “I slept in a guest” ni sentensi isiyofaa kuandikwa popote. Andika “guest house”. Sheli ni kituo chochote cha mafuta, kwa jina la kampuni iliyozoeleka, ila “shell” ni ganda la yai au la konokono. Kituo ni “petrol station” kwa Mwingereza, “gas station” kwa Mmarekani. Na chipsi hizo za moto, “chips” Uingereza, ni “fries” Marekani. Mmarekani akisikia “chips” anafikiria za pakiti.

Safari ilikwenda upande wa pili. Kiingereza ndicho kilichoikopa kutoka kwetu, sisi tuliitoa kwenye Kiarabu. Ila kilipoichukua kiliibana ikawa ni kwenda kuona wanyama, zamani kuwawinda. Ukimwandikia mtu “I had a safari to Geita” atauliza kama uliona simba. Kwenda na kurudi kwa muda mfupi ni “trip”. Mwendo wenyewe, saa nyingi barabarani au majini, ni “journey”. Safari ndefu ya majini au angani ni “voyage”. “Travel” iache iwe kitenzi, nayo itakutumikia vizuri: “I travelled to Geita.”

Saa nayo ina hatari ya kweli kwa mtu anayekata tiketi. Saa mbili inaweza kuwa muda, “two hours”. Inaweza kuwa kifaa, “two watches” za mkononi au “two clocks” za ukutani. Na inaweza kuwa wakati, ambao kwa Kiingereza si “two o'clock” bali “eight o'clock”, kwa sababu wao huanza kuhesabu usiku wa manane na sisi alfajiri. Ongeza sita au punguza sita, kisha taja “in the morning” au “in the evening”. Abiria anayeachwa na meli kwa ajili ya saa sita hizo hakosi kila mwaka.

Kwenye meza ya chakula kuna historia ndani. Mwaka 1066 Wanormani walioongea Kifaransa waliiteka Uingereza. Majina ya mifugo yakabaki ya Kiingereza, na nyama mezani zikapata majina ya Kifaransa. Ndiyo maana ng'ombe akiwa hai ni “cow” na akiwa kwenye sahani ni “beef”, kondoo “sheep” na “mutton”, nguruwe “pig” na “pork”. Kuku na samaki walibaki na jina moja, kama kwetu. Kwa hiyo sato wako hana shida.

Tano: daftari la kurasa mbili

Nunua daftari dogo. Ukurasa wa kushoto andika neno la Kiswahili juu, chini yake maneno ya Kiingereza yaliyogawanyika kutoka humo, na mbele ya kila moja swali lake au mwenzake. Ukurasa wa kulia andika sentensi moja kwa kila neno, na iwe ya kitu kilichotokea kwako. Usiandike “John raises his hand”. Andika kilichotokea Igogo, Nyegezi, nyumbani kwenu. Sentensi ya mtu mwingine husahaulika kabla ya jioni.

Neno moja la Kiswahili kwa siku linatosha. Wanaotaka kumi kwa siku nimewaona wakiacha wiki ya pili.

Kamusi itumie kwa kwenda na kurudi. Ukitafuta kupima ukapata “weigh”, nenda sasa upande wa Kiingereza ulitafute “weigh” usome mifano yake. Mifano ndiyo inayokuonyesha neno linatembea na nani, kuliko tafsiri yenyewe. Ukiweza kupata kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, ndiyo nzuri zaidi. Maelezo yake ni mafupi na ina mifano mingi.

Kisha soma sentensi zako kwa sauti. Wengi wetu wa Kanda ya Ziwa lugha za nyumbani zimetufanya tuchanganye l na r, na kwa Kiingereza mchanganyiko huo unabadilisha neno zima. “Collect” ni kukusanya, “correct” ni kusahihisha. Wali ni “rice”, na “lice” ni chawa. Mpishi anayefanya kazi na wageni aitamke hii mara ishirini kwa siku mpaka ulimi ukubali. Ulimi hukubali, nimeona.

Jaribio

Tafsiri aya hii kwanza mwenyewe, ndipo usome ya kwangu:

Jana jioni bei ya sangara ilipanda. Tajiri alinikopesha laki mbili, nikapanda boti kwenda Nansio. Njiani tulipigwa na upepo, mitumbwi miwili ikapinduka, watu wakazama lakini tuliwatoa wote wazima. Jua lilikuwa limeshazama. Nililala gesti, asubuhi nikapima dagaa, kilo arobaini.

Mimi naandika hivi: “Yesterday evening the price of Nile perch rose. My boss lent me two hundred thousand shillings, and I took a boat to Nansio. On the way a strong wind hit us. Two canoes capsized and the people went under, but we pulled them all out alive. The sun had already set. I spent the night at a guest house, and in the morning I weighed the dagaa: forty kilos.”

Ona kupanda mara mbili: bei “rose”, lakini boti “I took”. Ungeweza pia kuandika “boarded”, neno la kuingia chomboni. “Climb” ni ya mtu anayepanda mawe ya Bismarck, yale yaliyochomoza ziwani hapa Mwanza. Ona pia kuzama mara mbili, watu na jua, bila neno la Kiingereza kujirudia. Pale penye watu unaweza kuandika “they nearly drowned” badala ya “went under”, na ni sahihi vile vile. Hilo “nearly” ndilo neno lililokosekana kwenye ile barua yangu.